Namna ya Kuwafanya Watoto Wazungumze Kirusi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kundi Dogo

Katika mwezi wangu wa kwanza wa kufundisha Kirusi hapa Tanga nilimwinulia mtoto wa miaka 7 ndizi mbivu, nikamwuliza, “Что это?”, yaani hiki ni nini. Mtoto alinitazama, akaitazama ndizi, kisha akanijibu kwa Kiswahili na kwa heshima zote: “Kwani mwalimu huijui?” Wenzake walicheka, nami nikacheka, lakini usiku ule nililirudia jibu lake kichwani mara nyingi, kwa sababu lilikuwa na akili kuliko swali langu. Mimi nilikuwa naijua ndizi, yeye alikuwa anaijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaijua; hapakuwa na haja ya mtu yeyote kufungua kinywa. Yote ninayoyaeleza hapa chini yametokana na swali lile: mtoto huzungumza lugha ngeni pale ambapo pana kitu anachokitaka, hawezi kukipata ila kwa kusema, na hataaibishwa akikosea.

Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu mwenye watoto kati ya 6 na 12, wa miaka 7 hadi 11, anayefundisha sebuleni, barazani au katika chumba cha kuazima, bila vifaa vya gharama. Watoto wanaoletwa kwangu hutoka katika nyumba ambazo Kirusi kimeshapita. Wengine wana babu au mjomba aliyesoma enzi za Umoja wa Kisovyeti, hasa katika kile chuo kikuu cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata; wengine wana kaka aliyepata ufadhili hivi karibuni; wachache mama zao ni Warusi, nao hukielewa Kirusi lakini hujibu kwa Kiswahili tu. Hawa wa mwisho ndio wagumu kuliko wote, nitawarudia.

Hatua ya 1: Panga mahali na desturi kabla ya somo la kwanza

Ondoa madawati ikiwezekana. Tandika mkeka, watoto wakae duara, nawe ukae chini pamoja nao, kwa sababu mtoto anayemwona mwalimu amesimama mbele yake na chaki mkononi huingia katika hali ya shule, na katika hali ya shule kazi yake ni kungoja aulizwe. Vitabu vingi vya kufundishia havigusi jambo moja linalotuhusu sana: watoto wetu wamelelewa wasiseme mbele ya wakubwa mpaka wasemeshwe. Malezi hayo ni mazuri na sina ugomvi nayo, lakini mwalimu anayemwambia mtoto wa namna hiyo “sema, sema tu, usiogope” anamtaka avunje adabu hadharani, na mtoto mwenye adabu atanyamaza zaidi.

Njia iliyonifaa ni kuweka mpaka unaoonekana. Mlangoni mtoto huniamkia “Shikamoo, mwalimu,” nami humwitikia “Marahaba,” kama ilivyo desturi. Akishavua viatu na kukanyaga mkeka, tunaingia katika adabu nyingine, nayo ni adabu kamili yenye sheria zake: wao kwa wao husalimiana “Привет”, mimi huniambia “Здравствуйте”, wao kwa wao huitana “ты”, mimi huniita “Вы”. Watoto hufurahi wakisikia kwamba Warusi nao wana neno la kumwambia mwenzao na neno la kumwambia mkubwa. Vilevile hufurahia jina la baba, ambalo kwa Warusi hufuata jina la mtu pale anapoitwa kwa heshima: mtoto wa kiume wa Ali ni Алиевич na wa kike ni Алиевна, wa Omari ni Омарович na Омаровна. Kwa kuwa jina la pili la watoto wetu wengi ni la baba, hakuna linalohitaji maelezo marefu. Mpe kila mtoto jina lake la heshima siku ya kwanza. Ndilo neno la kwanza la Kirusi ambalo kila mmoja atataka kulitamka vizuri, maana ni lake.

Jambo la pili la kupanga ni muda wa kusema. Ukiwa na watoto 12 na somo la dakika 45, ukimsikiliza mmoja mmoja, kila mtoto hapati hata dakika 4, tena iwapo wewe mwenyewe hutasema neno lolote. Wakigawanyika wawili wawili na kusema kwa wakati mmoja, kila mmoja anaweza kupata dakika 15 na zaidi. Kutakuwa na makelele. Yazoee.

La tatu ni kiitikio cha pamoja. Madrasa na shule zimewafundisha watoto wetu kuitikia kwa sauti moja, na wanaweza. Kiitikio hupasha koo moto na humpa mwoga mahali pa kujificha anapojaribu neno kwa mara ya kwanza. Hata hivyo ni maficho, na mtoto anaweza kujificha humo mwaka mzima akipanua mdomo bila kutoa sauti. Kanuni yangu ni hii: wote pamoja mara mbili, kisha nusu kwa nusu, kisha wawili wawili, na hapo kiitikio kimekwisha.

Hatua ya 2: Anza na masikio na miguu

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alieneza njia ya kufundisha lugha kwa amri zinazotekelezwa na mwili, nayo kwa watoto wadogo inafaa kuliko ninavyoweza kusifu. Kwa wiki 3 za mwanzo usimdai mtoto neno. Sema “Встань” na usimame, “Сядь” na ukae, “Иди” (tembea), “Стой” (simama hapo), “Прыгай” (ruka), “Хлопай” (piga makofi), watoto wafuate. Amri 6 zikishaingia ongeza “Дай” (nipe), “Возьми” (chukua) na “Покажи” (onyesha) pamoja na vitu vilivyopo mkekani. Ukimya wa siku hizo usiuhesabu kuwa ujinga, kwa kuwa mwili unakuonyesha nani ameelewa na nani anaiga jirani yake. Ukitaka kuhakikisha, waambie wafumbe macho kisha toa amri.

Wiki ya 4 badilisha upande: watoto ndio waamuru, nawe utii. Hapa ndipo vinywa hufunguka, kwa sababu si kila siku mtoto wa Tanga hupata ruhusa ya kumwamuru mtu mzima. Nilikuwa na msichana wa miaka 8 ambaye kwa wiki 5 hakuwahi kutoa sauti, si kwa Kirusi wala kwa Kiswahili; akija hukaa pembeni ya mkeka akichezea ukindu uliochomoza. Siku moja mvulana mmoja aliniamuru “Кружись!”, nizunguke, akanisahau makusudi huku wenzake wakicheka. Nilizunguka hadi ushungi ukanivuka na chumba kikaanza kuyumba. Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua ikisema kwa nguvu, “Стой!” Nikasimama palepale, nikashika ukuta. Alikuwa yeye. Sikumpongeza, sikumpigia makofi, sikusema “mmeona, kumbe anaweza”. Nilimwambia “Спасибо” kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote aliyeniokoa, tukaendelea, na kabla ya somo kwisha alikuwa ameniamuru mara 3 zaidi.

Hatua ya 3: Chagua maneno yasiyomtega mtoto

Walimu wengi hapa hukosea bila kujijua, nami nilikosea. Nomino za Kirusi hubadili miisho kufuatana na kazi yake katika sentensi, na hali hizo ni sita. Mtoto aliyejifunza “рыба”, yaani samaki, akisema “Я хочу рыба”, nataka samaki, anarekebishwa kuwa “рыбу”. Akisema “вода”, yaani maji, anaambiwa “воду”. Mara ya tatu haombi kitu tena. Mwalimu hulaumu uoga wa mtoto, ilhali mtego aliutega yeye mwenyewe kwa kuanza na maneno hayo.

Anza na maneno ambayo mtoto hawezi kuyakosea. Majina ya kiume ya vitu visivyo na uhai hayabadiliki pale yanapotendwa: “Я хочу банан”, “Я хочу лимон”, “апельсин”, “кокос”, “рис”, “хлеб”, “чай”, yote hubaki kama yalivyo. Neno “манго” ni bora zaidi, kwa kuwa halibadiliki kamwe: embe moja, “одно манго”, mbili, “два манго”, tano, “пять манго”. Ninawaambia walimu wenzangu kwamba embe ni rafiki wa mwanafunzi wa Kirusi, nao hudhani ninazungumzia utamu. Baiskeli, ambayo ndiyo fahari ya mji huu, ni “велосипед”, nayo ni ya kiume: “Я хочу велосипед”, na kila mtoto anaitaka kweli.

Chagua na viunzi vya sentensi kwa njia hiyohiyo. “Это…” (hiki ni), “Вот…” (hiki hapa), “Где…?” (kiko wapi), “Здесь…” (hapa pana) na “У меня есть…” (nina) zote hufuatwa na nomino katika umbo lake la kamusi. Kwa viunzi hivyo 5 na “Я хочу…” mtoto anaweza kuzungumza miezi miwili bila kukutana na mwisho mgeni hata mmoja. Wakati huo masikio yake yanaisikia “рыбу” na “воду” kutoka kwako kila siku, na siku mdomo utakapoitaka, itakuwa imeshazoeleka.

Usiogope jinsia za nomino. Mwalimu wa Kirusi aliyesoma mbinu za kufundisha Waingereza ataogopa, lakini mtoto wa Kiswahili amezaliwa ndani ya upatanisho: husema “kitabu changu”, “nyumba yangu”, “jina langu” bila kufikiri. Mwambie tu kwamba Kirusi nacho kina ngeli, tena ni tatu tu: “мой дом”, “моя книга”, “моё море”. Wangu huuliza, “Tatu tu, mwalimu?” kwa sauti ya kukionea huruma Kirusi.

Halafu kuna maneno yanayochekesha, nayo yana thamani ya dhahabu. “Чай” ni chai. “Сундук” ni sanduku la nguo, na “сундук” na sanduku yote mawili chimbuko lake ni Kiarabu. “Халва” ni haluwa. “Акула” ni papa, na hutamkwa vilevile kama ungesema “akula”, mkazo ukiwa mahali pake pa Kiswahili. Nani atamsahau samaki ambaye jina lake lenyewe linakula? Kisha “папа” kwa Kirusi ni baba, na “баба” ni mwanamke, tena kwa neno lisilo la heshima. Hivyo mtoto wa mvuvi akitaka kusema kwamba baba kamwona papa, atasema kwamba “папа” kamwona “акула”. Nililieleza hili mara moja tu ubaoni, kwa mchoro wa mtu ndani ya ngalawa na pezi majini, na kwa wiki nzima watoto hawakusimulia kitu kingine. Waache wacheke. Anayecheka juu ya neno amekwisha kulitamka mara ishirini.

Mwisho wa hatua hii, wape maneno ya kujiokoa, yaani ya kutumia wanapokwama: “Не знаю” (sijui), “Не понимаю” (sielewi), “Ещё раз, пожалуйста” (rudia, tafadhali), “Как это по-русски?” (hiki husemwaje kwa Kirusi?), “Помоги” (nisaidie), “Подожди” (subiri), “Моя очередь!” (zamu yangu!) Yafundishe kwa ukamilifu wake kama methali, bila kuyachambua. Mtoto anayeweza kusema kwa Kirusi kwamba hajui, bado anazungumza Kirusi.

Hatua ya 4: Sauti kwanza, herufi baadaye

Alfabeti ya Kirusi ina herufi 33, na baadhi yake zinafanana na zetu kwa sura lakini si kwa sauti: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili atasoma “рот”, yaani mdomo, kama “pot”, na macho yake yatayashinda masikio. Kwa hiyo mimi siandiki herufi hadi wiki ya 8, wakati maneno 60 hivi yameshakaa mdomoni. Wazazi watauliza daftari liko wapi. Waeleze.

Kwa upande wa matamshi, sisi wa pwani tuna mtaji. R yetu inafaa kama ilivyo. Kh wanayoisoma madrasa inatosha kwa “хлеб”. Ny ya “nyanya” humpeleka mtoto karibu sana na “нь”. Ugumu uko katika mambo matatu.

La kwanza ni konsonanti zinazofuatana. Mtoto atasema “shikola” badala ya “школа”, na “kito” badala ya “кто”. Mwambie aseme “mto”, halafu aondoe m na kuweka k: mto, kto. Kwa “где” tanguliza irabu: “А где?” hugawanyika kuwa ag-dye, na baada ya siku chache irabu ya mwanzo huondolewa. “Здравствуйте” ijenge kutoka nyuma, -tye, -vuytye, zdras-tvuytye, na usisahau kwamba В ya kwanza ndani yake haitamkwi.

La pili ni mkazo. Kiswahili huuweka karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, Kirusi huuhamisha kama upepo wa kusi na kaskazi, na o isiyo na mkazo hutamkwa kama a. “Молоко” ni malako yenye mkazo mwishoni kabisa. “Вода” na “хорошо” vivyo hivyo. Usieleze. Piga dufu, au kopo la maziwa ya unga lililogeuzwa: ta-ta-TA. Watoto waliozoea kaswida hushika mapigo upesi kuliko mwalimu.

La tatu ni sauti ngeni zenyewe. Kwa “ы” mtoto aseme u, kisha atanue midomo kama anayetabasamu huku ulimi ukibaki nyuma. Kwa “ж” awe mdudu: Warusi wenyewe huwafundisha watoto wao sauti hiyo kwa mlio wa “жук”, mbawakawa wa bustanini.

Hatua ya 5: Tengeneza haja ya kusema

Nilisema mtoto husema akiwa na kitu anachokitaka. Basi kila mchezo uupime kwa swali moja: je, mtoto anaweza kuumaliza bila kusema? Kama anaweza, ataumaliza bila kusema.

Mchezo wa soko ndio uti wa mgongo wa somo langu. Wagawe watoto wauzaji na wanunuzi. Kila mnunuzi apewe karatasi yenye picha za vitu 4 ambayo muuzaji haioni, na kila muuzaji awe na baadhi tu ya vitu, ili mnunuzi alazimike kuzunguka. Lete vitu halisi ukiweza: chungwa la Muheza lina harufu, picha haina. “Здравствуйте! У Вас есть лимон?” (una limau?) “Нет.” “А кокос?” “Есть! Вот кокос.” “Сколько стоит?” (bei gani?) Na hapa bei zetu zinatubeba. Katika Kirusi nomino hubadilika baada ya 2, 3 na 4, na hubadilika tena kuanzia 5, jambo linalowatoa jasho hata watu wazima. Lakini katika soko letu la Mgandini hakuna kitu cha shilingi 3. Bei huanza mamia, na baada ya 100, 200, 500 na 1000 umbo ni lilelile: “сто шиллингов”, “двести шиллингов”, “пятьсот шиллингов”, “тысяча шиллингов”. Ukifika 2000, neno la elfu lenyewe hubadilika, basi ishia elfu moja mpaka watakapokomaa. Jambo la ajabu ni kwamba watoto huanza kupatana bei bila kufundishwa. Mmoja aliniuliza “ghali” husemwaje. Nikampa “дорого”, na tangu siku hiyo hakuna kitu katika soko letu kisichokuwa “дорого”.

Chukua pia michezo wanayoijua tayari, ili wasijifunze sheria na lugha kwa pamoja. “Nyama nyama” hugeuka kwa urahisi: kiongozi hutaja “Корова!”, wote huruka na kujibu “Мясо!”, “Коза!”, “Мясо!”, “Курица!”, “Мясо!”, “Велосипед!”, na aliyeruka ametoka. Kiongozi asiwe wewe zaidi ya mara moja. Siku kiongozi alipotaja “Акула!” kundi liligawanyika, nusu wakiruka na nusu wakipiga kelele “Нет! Рыба! Рыба!”, na mabishano kama papa ni nyama au samaki yalikwenda kwa Kirusi cha vipande kwa muda nisioweza kuupanga katika andalio lolote la somo. Vitendawili navyo vinafaa, kwa kuwa vina mwaliko na kibali ndani yake: mmoja asema “Загадка!”, wengine wajibu “Давай!” mahali pa “Tega!”, kisha “Мой дом без двери”, na yai, “яйцо”, linajulikana kwa kila mtu.

Kutoka kwa Warusi chukua mchezo mmoja usio na mfano wake: mtoto mmoja hutoka nje, wenzake huficha kitu, akirudi humwongoza kwa maneno matatu tu, “холодно” akiwa mbali, “тепло” akikaribia, “горячо” akikifikia. Maneno yenyewe hufundisha mkazo, kwani la kwanza hubeba mkazo mwanzoni na mawili mengine mwishoni.

Hatua ya 6: Sahihisha bila kukata

Mtoto akisema “Я хочу рыба”, mpe samaki. Kisha sema kama mtu anayethibitisha alichosikia: “Ты хочешь рыбу? Вот рыба.” Usimtake arudie. Makosa yaliyozidi kwa siku hiyo yaandike pembeni, yarudishe wiki ijayo kama mchezo wa kundi zima, bila kumtaja aliyeyafanya. Kosa la kukatiza papo hapo ni moja tu, lile linalomfanya mwenzake asielewe, na hata hapo anayekatiza awe huyo mwenzake, kwa “Не понимаю”.

Kuna makosa yanayotoka kwako. Katika wakati uliopita kitenzi cha Kirusi hufuata jinsia ya mtendaji: kwa “nilikuwa” mwanamume husema “я был”, mwanamke “я была”. Mimi ni mwanamke, na kwa miezi 4 watoto walisikia kinywani mwangu “я была”, “я сказала”, “я купила” tu. Mvulana mmoja, msemaji hodari kuliko wote, alisimama kwa fahari kusimulia Jumapili yake: “Я была на море!” Mwenzake mwenye mama Mrusi akaangua kicheko, akamwambia kwa Kiswahili, “Umekuwa msichana!” Yule hodari hakusema tena hadi mwisho wa mwezi. Kosa lilikuwa langu, yeye ndiye aliyelipa. Tangu hapo nina dubu wa kitambaa anayeitwa Миша, dume, anayesimulia kwa “был” na “сказал”, na kila masimulizi yangu hufuatwa na yake. Mwalimu mwanamume atafute mwanasesere wa kike kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto anayeendelea kunyamaza

Mpe Миша asemewe naye. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovyeti aliyeishi kati ya 1896 na 1934, alieleza kwamba ndani ya mchezo mtoto hufanya mambo yaliyo juu ya uwezo wake wa kila siku, na mtu aliyemwona mtoto mwoga akimsemea dubu hahitaji ushahidi zaidi. Akikosea, amekosea dubu. Njia nyingine ni kuwaketisha wawili mgongo kwa mgongo, kila mmoja na simu ya boksi sikioni, “Алло! Кто это?”; wasipoonana nyuso, aibu hupungua. Unaweza pia kumruhusu akunong’oneze jibu, nawe usilitangaze.

Wale wenye mama Warusi wana shida tofauti. Wameshazoea kwamba mama husema Kirusi nao hujibu Kiswahili, na mambo yanakwenda, hawana haja. Usiwaulize maswali. Wape kazi ya kuwapokea watoto wageni, au ya kuwa muuzaji, mahali ambapo wanunuzi 5 wanawategemea na hawatauza kitu kwa Kiswahili.

Nyumbani

Waombe wazazi jambo moja, nalo ni kuacha jambo moja: wasimwite mtoto mbele ya wageni na kumwambia “hebu sema Kirusi tusikie”. Nimepoteza watoto wawili kwa sentensi hiyo. Badala yake mzazi amtume mtoto amfundishe yeye maneno 3 kwa wiki, ayatamke vibaya, mtoto amrekebishe.

Kumbukumbu ya mwalimu

Sitoi alama. Nina karatasi yenye majina, na kila mtoto aliposema Kirusi bila kuombwa nami, namwekea kistari baada ya somo, wao wasione. Asiyekuwa na kistari kwa wiki 2, nampangia mwenza mpya au kazi mpya. Kwa kawaida mwenza ndiye tatizo, hasa akiwa dada yake mkubwa.

Dakika 10 za mwisho za somo, soko likiwa limechangamka, mimi hutoka. Huwaambia naenda kununua kashata kwa jirani, na kweli huzinunua, lakini hurudi kwa mlango wa uani na kusimama chini ya dirisha nikisikiliza Kirusi wanachokitumia mwalimu akiwa hayupo. Hapo ndipo vistari vya kweli hupatikana. Kiswahili kitakuwemo, kiache kiwemo. Ukiingia, gawa kashata, kila anayetaka aombe kwa “Дайте, пожалуйста” (nipe, tafadhali), na usiwaambie kwamba ulikuwa dirishani.